Aliyeomba Kukaa

Mwaka mzima nilizunguka nikiwauliza watu kuhusu mabosi wao, na hakuna hata siku moja niliyojiuliza kama na mimi niliwahi kuwa bosi wa mtu.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu. Tasnifu yangu ilihusu wauzaji wa maduka ya Kariakoo: wanasimamiwaje, nini kinawafanya wadumu, kwa nini wanaondoka. Kariakoo sikuiokota tu. Nimekulia humo. Wazazi wangu walishuka kutoka Moshi kabla sijazaliwa, wakafungua duka la mashuka na mapazia, na mama analiendesha mpaka leo. Nilipoomba nafasi chuoni niliandika kwenye barua kwamba nina uzoefu wa usimamizi. Kwamba nikiwa na miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita, niliachiwa duka la familia kwa wiki tatu na nikainua nidhamu ya wafanyakazi. Niliipenda ile sentensi. Niliisoma mara mbili kabla ya kutuma.

Mahojiano ya mwanzo hayakunipa kitu. Niliingia madukani asubuhi, kabla wateja wa mikoani hawajajaa, nikaomba ruhusa kwa mwenye duka, nikasimama na muuzaji katikati ya majora ya vitambaa. Unaionaje kazi? "Nzuri." Bosi je? "Bosi hana shida." Huku macho yanakwenda kaunta na kurudi. Mwalimu aliyekuwa ananisimamia chuoni alizipekua karatasi zangu, akazirudisha mezani.

"Mtu hawezi kumsema bosi wake huku bosi anamtazama," alisema. "Tafuta walioacha kazi. Wafuate kwao. Na waulize hivi: kuna jambo gani bosi wako alilifanya ambalo mpaka leo hujalisahau?"

Basi nikaanza kuwatafuta. Binti mmoja wa duka la vyombo alinipa namba ya mwanamke ambaye, alisema, alifanya kazi maduka mengi ya Kariakoo na sasa ni fundi cherehani Buguruni. Nilimpigia. Nikajitambulisha kwa jina langu lote na chuo ninachotoka, nikaeleza utafiti wangu unahusu nini. Kukawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Asubuhi nakuwepo."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya magereji, kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Cherehani ilikuwa dirishani penye mwanga, na sare za shule zilizokatwa zilikuwa zimerundikwa kitandani. Alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, mnene, amejifunga ushungi wa kijani. Kwa lafudhi yake nikajua ni mtu wa kusini, na mwenyewe akaniambia ni wa Lindi. Alinipa kiti, akanifungulia soda, yeye akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Nilimsomea fomu ya ridhaa. Nikamwambia anaweza kukataa swali lolote, na jina lake halitatajwa popote.

"Na lako?" akauliza.

Nikacheka. Nilidhani anatania. Akaweka sahihi, nikawasha kinasa sauti cha simu na kuiweka juu ya meza ya cherehani.

Alijibu vizuri kuliko wote niliowahi kuwahoji. Alieleza namna muuzaji anavyomsoma mteja kabla hajafungua mdomo, namna mabosi wanavyowagombanisha wafanyakazi ili wachungane. Niliandika mpaka mkono ukauma. Nilikuwa na furaha, sitaficha; nilikuwa nawaza mwalimu atakavyofurahi. Ndipo nikamuuliza lile swali la jambo ambalo hajalisahau.

Akachukua sare moja, akaanza kuichambua nyuzi.

"Kulikuwa na duka moja la mapazia," alisema. "Mama mwenye duka alifiwa na baba yake, akasafiri kuzika. Akamwachia binti yake. Sisi tulimwita bosi mdogo."

Kalamu yangu iliendelea kuandika. Iliandika maneno "bosi mdogo" kabla kichwa changu hakijayasikia.

"Sisi wauzaji tulikuwa na stuli nne za plastiki. Wateja wakipungua, mtu anakaa kidogo. Huyo binti akaja siku ya pili akazibeba zote, akazifungia stoo ya juu. Alisema maduka makubwa wauzaji hawakai."

Nilikumbuka. Nilizikumbuka stuli zenyewe, za bluu, na ngazi nyembamba ya kwenda stoo. Nilikumbuka hata sababu: mteja mmoja alisema wafanyakazi wetu wamekaa kama wako msibani, na mimi nikaona aibu.

"Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitatu," alisema. "Sikuwa nimemwambia mtu. Unajua, mimba changa haitangazwi. Miguu ikavimba, kiuno kikawa kinakata. Siku moja nikamfuata, nikamwambia bosi mdogo, naomba nikae dakika kumi tu. Akanijibu: kama umechoka, nyumbani si kuna kitanda?"

Hili sikulikumbuka. Mpaka leo silikumbuki. Nimelitafuta kichwani miezi na miezi, sijalipata. Lakini nilijua ni langu. Ndivyo ninavyosema nikikasirika, hata kaka yangu ananitania kwa hilo: naanza na "kama", namalizia na swali.

Aliendelea kwa sauti ileile. Wiki ya tatu, akiwa anamshushia mteja jora la pazia, alianza kutokwa na damu. Mwenzake alimtoa kwa mlango wa nyuma, akamwingiza kwenye bajaji wakaenda hospitali. Mimba ikatoka. Alikaa nyumbani siku nne. Aliporudi dukani alimkuta msichana mwingine amesimama mahali pake.

"Hospitali hawakuniambia ni kwa sababu ya kusimama," alisema, na hapo akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba niliomba kukaa."

Nikauliza swali la kijinga, huku jibu ninalo.

"Dada, duka hilo lilikuwa wapi?"

"Unalijua."

"Ulinitambua lini?"

"Uliposema jina lako kwenye simu. Nikasema ngoja aje, nione kama atanijua."

Na mimi sikumjua. Hilo ndilo lililonivunja kuliko yote. Wiki tatu nilikuwa naye chumba kimoja, kutoka asubuhi mpaka jioni, na nilipokaa mbele yake nikamsomea fomu ya ridhaa kama mtu nisiyewahi kumwona. Alikuwa amenenepa, ndiyo, na siku zile hakuvaa ushungi dukani. Lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kumtazama usoni. Nilikuwa naangalia kama amesimama.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Nilinyoosha mkono nikashindwa kubonyeza. Akaisogeza kwangu.

"Imetosha. Zima."

Nikazima. Nikamwambia nisamehe dada, nikaanza kulia, na papo hapo nikaona haya kwamba mimi ndiye ninayelia.

"Pole yako nimeipokea," alisema. "Kunywa soda, itapata moto."

Sikuweza kuinywa. Niliaga nikatoka. Nilipita katikati ya mafundi waliolala chini ya magari, nikafika kituoni Buguruni na nikaona makondakta wananiita huku na huku, wala sikujua naenda wapi. Nilisimama juani kwa muda mrefu. Halafu nikaenda Kariakoo.

Mama alikuwa kaunta, anakunja mashuka yaliyofunguliwa na wateja. Nilimwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka: "Mama, unamkumbuka dada mmoja wa Lindi, wakati ule ulipoenda kumzika babu?"

Hakufikiri hata kidogo. "Yule mtoro?"

Neno lile nililiandika mimi. Kulikuwa na daftari la mahudhurio, na siku ya pili tangu mwanamke yule asionekane niliandika mbele ya jina lake, kwa wino mwekundu, mtoro. Mama aliporudi kutoka Moshi alisoma, akaamini, na amebaki akimwita hivyo miaka yote hii.

Nikamweleza. Alinisikiliza huku mikono imesimama juu ya shuka.

"Mbona hakusema kama ana mimba?"

"Aliomba kukaa, mama."

"Wewe ndiye uliyetoa viti, mwanangu. Mimi nilikuwa namzika baba yangu."

"Na uliporudi mbona hukuvirudisha?"

Alinitazama, na sauti yake ikashuka. "Uliniambia maduka makubwa ndivyo yanavyofanya. Mimi nimeishia darasa la saba. Wewe ndiye msomi. Nikasema mtoto ameona mbali."

Nikageuka kuwaangalia wauzaji. Walikuwa watatu, wasichana niliokuwa nasalimiana nao kila nikipita, na wote walikuwa wamesimama. Mmoja ameuegemeza mgongo kwenye nguzo, kiatu kimoja amekivua, mguu ameukanyagisha juu ya mwingine. Nilikuwa nafanya utafiti kuhusu hali ya wauzaji wa Kariakoo, nimeingia maduka ya mitaa sita, na hili la kwetu nilikuwa napita ndani yake kila siku kwenda kunywa chai.

Nilipanda stoo. Stuli moja ilikuwa imekatika mguu, nyingine zimepangiwa maboksi ya vyuma vya mapazia. Nilinunua nne mpya, nikaziweka nyuma ya meza ya kukatia vitambaa. Nikawaambia kaeni, jamani, wateja wakipungua kaeni.

Hakuna aliyekaa. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ikaisha. Walizipita zile stuli kama mali ya mtu aliyezisahau pale. Mwishowe yule wa nguzoni akanivuta pembeni.

"Dada, samahani. Hii ni ya utafiti wako? Tukikaa tunaandikwa?"

Nilimwambia hapana, na nikaona haniamini, na alikuwa na haki. Aliyelimaliza ni mama. Mchana mmoja duka likiwa limepoa alitoka kaunta, akachukua stuli moja akakaa mwenyewe katikati yao, akamenya chungwa. "Kaeni basi," akasema. "Au mnataka mimi nizeeke peke yangu hapa chini?" Wakakaa, migongo imenyooka, kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Ilichukua muda mpaka migongo ile ikalegea.

Chuoni nilimweleza mwalimu kila kitu. Alivua miwani. Kisha akasema kwamba mahojiano yale siwezi kuyatumia kwa ridhaa ile, kwa sababu nilimwomba mwanamke yule nikiwa sijui ninamwomba nani. Nirudi nikamuulize upya.

"Na akikubali?"

"Utaandika ukweli wote, pamoja na wewe ndani yake."

Nilirudi Buguruni Jumamosi nyingine. Alikuwa kwenye cherehani, anashona. Nilimweleza maneno ya mwalimu. Hakusimamisha mguu.

"Hapana," alisema. "Yale nilikuambia wewe. Sikukiambia chuo."

Nikatoa simu, nikafuta ile sauti mbele yake. Aliangalia mpaka ikaisha, akarudi kwenye mshono. Tasnifu ilikuja kupita bila yeye, na kwenye sura ya mbinu niliandika tu kwamba mtafiti ni mtoto wa mwenye duka na aliwahi kuwasimamia wauzaji, na kwamba kwa sababu hiyo kuna mambo hakuyaona. Jopo halikuniuliza chochote kuhusu aya hiyo.

Siku ile niliyofuta sauti, nilipokuwa nainuka niondoke, mtu alibisha hodi. Akaingia jirani yake kuchukua sare ya mtoto. Akanisalimia, akamgeukia mwenyeji wake: "Una mgeni?"

Sikujua atanitambulisha vipi, na lolote ambalo angesema nilikuwa nimelistahili.

"Tulifanya kazi pamoja Kariakoo," alisema, akakata uzi kwa meno na kuikunja sare. "Zamani."

Jirani akasema karibu sana, akaipokea sare akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba, mkoba begani. Mwanamke yule aliniangalia kidogo, kisha akavuta kiti kwa mguu wake, akakisukuma upande wangu, na kuendelea kushona.