Fundi Umeme Anayeanika Kakao

Wazazi, walimu na wanafunzi wa vidato vyote, simameni wima! Gazeti letu la ubaoni lina heshima ya kuwaletea mwanamke aliyewasha nuru katika wilaya ya Kyela, Fundi Felista Mwaisumo.

Mnaweza kukaa. Ni saa moja asubuhi, kijijini Makwale, na mwasha nuru amepiga magoti jamvini akigeuza kakao ya baba yake kwa viganja. Tesa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, ameichomeka kwenye kilemba. Haina kazi nyingine.

"Nilimsomesha umeme miaka mitatu," anasema baba yake, Mzee Anyitike, akipita na ndoo. "Sasa anasubiri jua kama sisi tusiosoma."

"Baba, huyu mgeni anaandika."

"Aandike. Nimesema uongo?"

Felista ana miaka thelathini na minne. Alisomea ufundi Mbeya, mmoja wa wanawake wawili katika darasa la watu ishirini na sita. Kwa miaka miwili alikuwa fundi wa shule yetu, kwa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi.

Muhula uliopita umeme wa bwalo ulianza kukatika saa za prepu, tunapojisomea usiku. Ulikatika mara tisa. Kila mara wanafunzi walishangilia, na kila mara Felista aliitwa kutoka nyumbani, akaja kwa bodaboda, mvua ikimnyeshea.

"Nilikuwa nakuta swichi kubwa imeshuka," anasema. "Nikiipandisha, inakaa. Nilibadilisha nyaya. Nilitambaa darini na popo. Sikuona kosa lolote."

Mkuu wa shule alimwambia kwamba fundi asiyeona kosa ndiye kosa. Akaachishwa kazi, akaletwa fundi mwingine, mwanaume. Tangu siku hiyo umeme wa bwalo haujakatika hata mara moja.

"Hilo ndilo lililonimaliza," anasema Felista. "Wangeendelea kukaa gizani, watu wangesema ni shida ya jengo. Lakini umeme umetulia. Basi kosa ni mimi. Hata mimi nimeanza kuamini."

Nguzo za umeme zimefika Makwale. Nyumba arobaini zinataka kufungwa nyaya, lakini fomu lazima isainiwe na fundi mwenye leseni. Ili aombe leseni, Felista anahitaji barua ya shule kwamba alifanya kazi vizuri. Ameiomba mara tatu, hajapewa. Mwisho wa maombi ni Ijumaa hii.

"Ikipita Ijumaa nitauza vifaa," anasema. "Koleo haligeuzi kakao."

Mwandishi wetu, kwa utulivu wa kitaaluma, akamuuliza kama hakuwahi kushuku kile kitufe kidogo cha njano cha kujaribia, ambacho kikibonyezwa swichi hushuka.

Felista akaacha kugeuza kakao.

"Kile kiko ndani ya kisanduku, na kisanduku kina kifuniko. Nani alikufungulia?"

Mwandishi wetu akaangalia daftari lake.

"Nilikuwa nawaza panya," akasema Felista taratibu. "Sikuwaza watoto wanaoniita shangazi."

Hakupiga kelele. Aliinama, akaendelea na kakao yake. Mzee Anyitike ndiye aliyeweka ndoo chini.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

Mwandishi wetu ni mimi, Gwamaka, kidato cha tatu. Nilibonyeza mara tisa, kwa kalamu hii hii. Mara ya kumi sikubonyeza, kwa sababu nilimwona Shangazi Felista akitoka getini na sanduku lake la vifaa kichwani. Nilidhani kuacha ndiko kutubu. Kumbe kuacha kwangu ndiko kulikomhukumu.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, gazeti hili nalibandika leo Jumatano, nami nimesimama chini yake. Adhabu yangu inaweza kusubiri. Barua yake haiwezi. Bwalo lile halikuwahi kuharibika.