Posa ya Rugera

Zama za Mdachi nilikuwa nafunga ngozi za ng'ombe kwa tajiri mmoja mwenye duka pale Kituntu. Alikuwa Mwislamu, asili yake pwani, na sisi wafanyakazi alituita wanawe. Alituchagulia kofia, alitukataza kulala bila kunawa miguu, na mtu akikohoa alimchua kifua kwa mkono wake mwenyewe. Mwenzangu wa kufunga ngozi alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, baba," na tajiri, ambaye ndevu zake zilikuwa nyeusi tii, aliitikia, "Marahaba, mwanangu."

Siku moja tajiri akaamua kwamba mwenzangu huyo, aliyefiwa na mke, aoe tena. Huko Rugera kulikuwa na mjane mfinyanzi ambaye mwenzangu aliwahi kumtaja kwa kunong'ona. Tajiri akabeba kitambaa na chumvi, tukaondoka watatu. Njiani akamwonya, "Wewe usiseme neno. Baba ndiye anayesema."

Tulikaribishwa vizuri, tukapewa kahawa ya kutafuna. Tajiri akaanza kwa Kinyambo chake cha dukani: amekuja kumposea mwanawe, kijana mchapakazi, asiyegusa pombe, msafi wa miguu. Kaka wa mjane akatazama huku na huku akimtafuta huyo kijana. Mwisho akamgeukia mwenye mvi kwa heshima zote.

"Mzee, mwanao anajisifu sana. Wewe baba yake unasemaje?"

Mwenzangu aliagizwa kunyamaza, akanyamaza. Tajiri akabaki ametoa macho. Kaka alipouliza tena, mwenzangu akajibu taratibu, "Huyu ndiye baba yangu."

Wanawake waliokuwa mlangoni walicheka hadi wakakaa chini. Ikabidi nieleze mimi. Mjane akatoka akifuta machozi, akasema, "Basi huyo mtoto mwenye mvi aseme mwenyewe."

"Nina migomba Kimuli," akasema mwenzangu. "Na ninakoroma."

Akakubaliwa.

Wakati wa kurudi tajiri alikuwa amenuna. "Mngeniacha ningemaliza vizuri," alisema.

"Ndiyo, baba," akajibu mwenzangu, na hakuwa anatania.

Tuliendelea kumpenda. Tulimweleza maradhi yetu na hata ndoto zetu, lakini tangu hapo kuposa tulikwenda wenyewe, yeye tukamwalika harusini. Huko alihutubu mpaka ndizi zikapoa, wala hakuna aliyemkatiza.