Tanzia ya Mzee Kiarie

Kui alikuwa akisomea uanahabari mjini Nakuru na, kama wengi wa kazi hiyo kabla dunia haijawafunza, aliamini swali likiulizwa vizuri lazima lijibiwe. Mwalimu wake, Bwana Makhanu, alikuwa amewapa kazi: andikeni tanzia ya mtu aliye hai. Kui akamchagua babu yake wa Bahati, Mzee Kiarie, mtu wa ng'ombe wengi kuliko maneno.

Tanzia ilikuwa na shimo moja. Guka, kama Kui alivyomwita babu huyo, hakuwa amesemezana na mdogo wake Muiruri, mkulima wa viazi kule Molo, tangu Kui akiwa wa kubebwa mgongoni. Kwa nini? Ukimuuliza guka, anakwenda kukata majani ya nepia ya ng'ombe. Ukimpigia Muiruri, simu inakosa netiwaki papo hapo. "Leta sababu, ama urudie somo," akasema Makhanu, na huyo mzaha hakuujua.

Basi Kui akaituma rasimu kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo, wenye kujua wajaze. Aliipanga kama alivyofundishwa: jambo kubwa juu, madogo chini, maana msomaji hamalizi. Juu kabisa: "Mzee Ephantus Kiarie wa Bahati amefariki dunia." Chini kabisa: "Hii ni kazi ya shule, guka yuko sawa. Nani anajua walikosania nini?"

Msomaji, kweli, hakumaliza.

Kui alipofika Bahati mbio, simu imejaa "woiye" na "poleni sana", shangazi zake walikuwa wameshabandika sufuria za matanga. Guka, aliyewakuta alipotoka zizini, alikuwa katikati yao na kikombe cha chai, akiuliza nani amekufa. Kui alieleza huku akilia kwa aibu, na hakuna aliyemhurumia.

Kisha lori la viazi likasimama langoni. Muiruri akashuka, kofia mkononi, macho mekundu. Akamwona marehemu anakunywa chai.

"Kumbe ungekuja," guka akasema.

"Sasa nisikuje, na wewe ni ndugu yangu?" Muiruri alijibu kwa ukali, halafu akalia mbele ya wanawake wote. Guka akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Kui akawatazama. Ile sababu ilikuwa imekaa pale, bega kwa bega, na mwanahabari hapewi nafasi mara mbili. Akajisogeza na simu. "Guka zangu, naomba tu niulize, mlikosania nini?"

"Wee mtoto!" wakamfokea kwa pamoja.

"Unaona vile wanasomeshwa siku hizi?" guka akamwambia ndugu yake.

"Si ni wewe unamdekeza," akasema Muiruri, na wazee wakaendelea kumsema Kui, huyu akianza, yule akimalizia, mpaka chai ikapoa.

Kui akazima simu. Somo atarudia, na wacha alirudie.