Rispa, mkalimani aliyefumba macho kwenye sala

Saa moja asubuhi, boti ya kisiwa cha Mfangano inaondoka Mbita. Injini inanguruma hata abiria wameacha kuzungumza. Mama mmoja amempakata kuku wake na kusinzia. Ziwa limetulia tuli, jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na visiwa vinaonekana mbali kama vile havijaamua vitue wapi.

Ni watu wawili tu wanaoendelea kupiga soga. Rispa Odhiambo, mkalimani wa lugha ya ishara, ameketi mbele. Maxwell, fundi viatu wa Rongo na mwenyekiti wa tawi la chama cha kitaifa cha viziwi, ameketi nyuma kabisa karibu na injini. Mikono inakwenda juu ya vichwa vya abiria. Wanabishana kama harusini kutakuwa na samaki au nyama.

"Anasema anatuonea huruma sisi wenye masikio," Rispa anapaza sauti sikioni mwa mwandishi wa makala hii. "Injini ikiwaka tu, tumekuwa mabubu."

Rispa ana miaka thelathini na minane. Ishara za kwanza alijifunza utotoni huko bonde la Lambwe, kwa msichana kiziwi wa jirani waliyechunga mbuzi pamoja. Baadaye chama kikampa mafunzo. Sasa huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiwakalimania viziwi wa Migori na Homa Bay hospitalini, mahakamani, kwenye baraza za chifu na matangani.

Akiitwa, chama humpa nauli na posho ya shilingi mia saba. Asipoitwa, anashona sare za shule sokoni Rongo. "Cherehani haijawahi kunilaza njaa," anasema. "Lakini mikono yangu inapenda hii kazi nyingine."

Kati ya viziwi wenyewe, hata hivyo, hakuna anayemwita kwa jina la Rispa. Kila mtu kwao ana jina la ishara, na jina hilo hujichagulii. Unapewa na kiziwi, basi. Ukishapewa umepewa, hata kama limetokana na kovu, kitambi au aibu.

La Rispa ni mkono ulioinuliwa mbele ya jicho, vidole vikashuka taratibu vikakutana na gumba. Ni jicho linalofumba.

"Hilo nilipewa hapo tunapoenda," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imetulia mapajani.

Ilikuwa miaka mitano iliyopita. Dishon, fundi wa mitumbwi kisiwani na kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa anamzika mama yake. Baba alishafariki zamani, na yeye ndiye mtoto pekee. Rispa alisimama ng'ambo ya kaburi akimtafsiria kila neno. Kisha pasta akasema, "Tufumbe macho tuombe."

Rispa akafumba.

"Ni mazoea tu, si unajua? Toka utotoni ukisikia tuombe, macho yanajifunga yenyewe," anasema. "Na nilikuwa nalia. Huyo mama nilimpenda. Nikasimama pale na mikono yangu kifuani, nikaomba mpaka amina."

Ndani ya sala ile, pasta alitaja maneno ambayo mama alimwachia mwanawe siku mbili kabla ya kufa. Kila mtu matangani aliyasikia. Aliyeachiwa ndiye pekee aliyekuwa amesimama macho wazi, akiitazama mikono isiyosema kitu.

Rispa alipofumbua macho, udongo ulikuwa umeanza kurudishwa. Alimkimbilia ampe yale maneno. Dishon akamtazama kidogo, akainua mkono, akaonyesha lile jicho linalofumba. Kisha akafumba macho yake mwenyewe.

"Kiziwi akikufumbia macho, huna la kufanya," Rispa anasema. "Hata ukipiga ishara mpaka mikono ing'oke. Amefunga mlango."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Rispa alijaribu. Aliandika maneno hayo kwenye simu mara nyingi na kuyafuta. "Maneno ya mama hayatumwi kwa meseji. Yatafika yamepoa." Kwa hiyo amekaa nayo miaka mitano. Wakati mwingine, anasema, huamka na kukuta mikono yake ikiyatamka juu ya blanketi.

Mwezi jana simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Dishon, mfupi: "Naoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Njoo na macho."

Ndiyo safari ya leo. "Nikikosea tena, sirudi kisiwani," anasema. Hacheki.

Mbele ya kanisa dogo la mabati, Dishon anapokea wageni akiwa na suti ya buluu na mikono iliyojaa makovu ya randa. Rispa anamsalimia. Anajibiwa kwa adabu, kama mtu wa ofisi anavyojibiwa.

Bi harusi ni Mellen, kiziwi pia, kutoka upande wa Wakuria, Migori. Walikutana Rongo kwenye mkutano wa chama. Jamaa zake wanaongea Kikuria, wenyeji wanaongea Kijaluo, na wazee wanatafutana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Maharusi peke yao ndio hawahitaji mkalimani.

"Mimi na wakwe zangu tunaongea kwa shida," anasema mzee Mniko, baba wa Mellen. "Hawa watoto wanaongea siku nzima. Nani sasa ndiye kiziwi?"

Kabla ibada haijaanza, Rispa anamfuata pasta mlangoni. Ni yule yule wa matangani.

"Pasta, unakumbuka yale maneno ya mama Dishon?"

"Nayakumbuka, dada."

"Naomba uyarudie leo. Kwenye sala, kama siku ile."

Pasta anaitikia kwa kichwa.

Ndani, mwanga unaingia kupitia matundu ya misumari na kuanguka sakafuni vidoa vidoa. Nyimbo zinaisha. "Tufumbe macho tuombe," pasta anasema, na kanisa zima linainama.

Mwandishi hafumbi, na bora hakufumba. Katika umati ule ulioinamisha vichwa, macho ya viziwi tisa yako wazi, na ya Rispa yako wazi. Mikono yake inapanda. Pasta anaomba taratibu, kisha sauti yake inashuka.

"Bwana, unamkumbuka mama ya huyu kijana. Alituambia: mwanangu hajawahi kusikia nikimwita, lakini kila nilipomhitaji alikuja."

Mikono ya Rispa inayasema.

Dishon anainua mkono mmoja. *Rudia.*

Rispa anarudia. Pasta amefika amina, watu wamefumbua macho, wanashangaa mbona viapo havianzi. *Rudia*, Dishon anasema tena, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. Mellen amemshika kiwiko. Pasta anafunga Biblia kwenye kidole chake na kungoja.

Viapo vinakuja baadaye, kwa mikono, na Rispa anavitolea sauti. Baada ya chakula (kulikuwa na samaki na nyama pia) anamwomba Dishon ambadilishie jina. Dishon anacheka hadi anashika meza. *Jina ni jina*, anamjibu, na kumwongezea samaki.

Jioni haijaingia wakati boti inapogeuka kurudi Mbita. Rispa anazungumzia mwezi ujao, ambapo vijana sita wataanza mafunzo ya ukalimani Rongo chini ya tawi la Maxwell. Anataka mmoja abaki Lambwe, mmoja aende kwa Wakuria, na mmoja aishi hapa kisiwani.

"Somo la kwanza nitawaonyesha jina langu," anasema. "Wataniuliza limetoka wapi. Nitawaambia yote, halafu tutafanya mazoezi ya kuomba macho..."

Anakatiza. Maxwell amemgusa bega na kuelekeza ufukweni.

Dishon amesimama majini, suruali ya suti imelowa hadi magotini. Mkono wake uko mbele ya jicho, vidole vinashuka. Anamwita. Kisha anaomba kitu kimoja, kile kile.

Rispa anasimama katikati ya boti inayoyumba, abiria wakimshika sketi asianguke, anainua mikono juu kabisa, na kuyarudia maneno ya mama.