Kahawa ya Mgeni

Mdogo wangu wa kiume aliporudi likizo kutoka Ufaransa alisema suala la kibanja tusilizungumzie nyumbani kwa kaka, Igoma, eti kuna kelele za watoto. Akatupeleka kwenye mgahawa wa Kifaransa uliojengwa juu ya mawe, unaotazama ziwa, mahali ambapo mimi na miaka yangu yote ya Mwanza sijawahi kukanyaga. Ukiona unanunuliwa chakula cha gharama na mtu ambaye hata simu hapigi, jiulize unatakiwa kutoa nini. Nilijua kabla hatujakaa kwamba tumekuja kumlainisha baba.

Kibanja ni shamba letu la migomba na kahawa, kule Kagera, ng'ambo ya ziwa. Baba aliletwa kwa kaka alipovunjika nyonga, na tangu aanze kutembea tena hakuacha kuuliza atarudishwa lini. Mama amezikwa humo humo, nyuma ya nyumba. Ndugu zangu walikuwa wameshapata mnunuzi. Mimi sikuulizwa. Kwetu mtoto wa kike hana neno juu ya kibanja. Ni mgeni tangu anazaliwa, anasubiriwa aende kwake. Nadhani nilialikwa ili baba akilia pawe na mtu wa kumshika.

Mhudumu alimwamkia baba shikamoo, akamtandikia kitambaa mapajani. Baba akakikunja vizuri akamrudishia, akidhani kijana amekisahau. Orodha ya vyakula ilikuwa Kifaransa kitupu, kwa hiyo mdogo wangu alituagizia wote. Akaja sangara, kipande kidogo tu, kimelowa mchuzi wa siagi.

"Huyu si wa hapa hapa ziwani?" baba akauliza.

"Ni wa hapa, baba, ila amepikwa Kifaransa."

"Maskini," baba akasema, akaanza kula.

Wifi yangu, mke wa kaka, alitupiga picha tukiwa tumetabasamu. Aliposhusha simu, mdogo wangu akaanza. Kibanja hakina mtu, alisema. Migomba imeshikwa na mnyauko, kahawa wanavuna wezi. Bora kichukuliwe na mtu mwenye uwezo wa kukitunza.

"Na mama yenu?"

"Tutamhamisha, baba," kaka akajibu huku akipaka mkate siagi. "Siku hizi inafanyika. Padri atakuwepo, kila kitu kwa heshima."

"Mtamhamishia wapi?"

Wakatazamana. Mdogo wangu akasema hilo litapangwa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Mmeshapata wa kumuuzia, na hamjui mama atalala wapi?"

"Wewe umeolewa," kaka aliniambia kwa sauti ya chini, kwa ajili ya watu wa meza ya pili. "Mambo ya ukoo tuachie sisi."

Baba hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee huyu aliwahi kununiana na jirani mpaka jirani akafa, kisa mgomba mmoja wa mpakani. Sasa alifuta mdomo kwa mkono na kusema, "Basi. Nyie ndio wenye nguvu." Mdogo wangu akashusha pumzi, akamwita mhudumu alete kahawa.

Ililetwa kwenye vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea. Baba, aliyelima kahawa maisha yake yote, alionja kidogo akakisogeza kikombe pembeni. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ilikuwa akamwani, buni zetu za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Kwetu mgeni akiingia hukaribishwa kwa hizo. Mtoto wa nyumbani hakaribishwi. Akitaka, anachota mwenyewe. Mimi nilianza kukaribishwa siku niliyorudi kuwasalimia baada ya harusi. Baba alininyooshea kikapu kwa mikono miwili, nami nikaenda jikoni kwa mama nikalia.

Sasa alimimina buni kiganjani, akamnyooshea kaka kwa mikono miwili.

"Karibu."

Kisha mdogo wangu. "Karibu." Kisha wifi, kisha mimi.

Mdogo wangu alicheka, akasema ana miaka hajaonja kitu hiki, akazirusha zote mdomoni. Alitafuna kwa raha na kuomba nyingine, na baba akampa. Kaka hakutafuna. Alizishika tu, akamtazama baba, kisha akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa umepauka. Hakuwahi kupewa akamwani namna ile maishani mwake.

"Baba," akasema, "mimi si mgeni."

Baba alikuwa ameshaanza kulifunga jani lake.

"Tafuna tu, bwana," alimjibu kwa upole, kwa ile adabu anayowawekea watu asiowafahamu. "Na uwasalimie nyumbani kwenu."