Ngao ya Aliye Kuliani

Siku yangu ya kwanza kazini katika mji wa Irving, ughaibuni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilidhani nimeitwa kutengeneza meza. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimeishia shule ya msingi Mombasa, na nilichojua ni randa na patasi. Msimamizi wa karakana, bwana aliyestaafu jeshini ambaye sote tulimwita Sajini, akanitwika duara la mbao, pana kama sinia la pilau ya harusi.

"Hii ni aspisi," akasema, "ngao ya Mgiriki wa kale. Mbao zinaunganishwa kwa gundi, zinachongwa mpaka zibonyee kama bakuli, kisha juu tunapiga bamba jembamba la shaba. Mkono wa kushoto unapita kwenye pete hii ya katikati, vidole vinashika kamba ya ukingoni. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeelewa.

Tulitengeneza ngao na deraya kwa ajili ya shule na majumba ya makumbusho. Sajini alitufundisha kwamba ngao hiyo ni pana kuliko mwenye nayo: nusu inakukinga wewe, nusu inamkinga aliye kushoto kwako. Ubavu wako wa kulia, wenye mkuki, unakingwa na jirani wa kulia. Ndiyo maana aliyepoteza chapeo vitani alisamehewa, lakini aliyetupa ngao, aibu ilimfuata mpaka kwao.

Baadaye nikahamishiwa tawi letu la Houston, chini ya Sajini huyo huyo. Biashara ilikuwa imelala. Mkurugenzi wa jumba moja la makumbusho akakubali kuja kututazama sisi mafundi wenyewe tukitembea kwa safu na ngao zetu. Akipenda, atachukua ngao zote. Asipopenda, karakana inafungwa, nasi twende kusukuma mizigo uwanja wa ndege.

Mazoezi yalinishinda. Mimi nikiambiwa nipange safu, naijua moja tu, ya swala: bega kwa bega, visigino sawa, macho chini. Ngao zikagongana kama masufuria.

"Athumani, bwana, wanibana!" akalalamika Masawe, mwenzetu wa Moshi, aliyesimama kulia kwangu. "Hapa si msikitini!"

"Na macho juu," Sajini akacheka. "Adui hajalala chini."

Hata hivyo akaniweka kuliani kwake, nimkinge.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, shaba inaunguza. Tulipofika katikati ya uwanja, nikahisi bega la Sajini linatetemeka, kisha uzito wake wote ukaniegemea. Sikugeuka. Nikambana zaidi.

"Niache," akanong'ona. "Nitaanguka."

"Huna nafasi ya kuangukia, Sajini."

Masawe alisikia. Safari hii hakulalamika. Akanikaza kutoka upande wake, tukatembea hivyo hadi mwisho. Mkurugenzi akapiga makofi, akasema hajapata kuona safu iliyofungana namna ile. Ngao zote akazichukua.

Vijana wa sasa wanachonga kwa mashine za kompyuta, na ngao zao ni nzuri, sina neno. Nawaomba tu wazivae wakiwa pamoja kabla ya kuziuza.

Siku niliyostaafu tulipangwa tupigwe picha na ngao zetu. Sajini alikuja na mkongojo. Nikaelekea mahali pangu, kuliani kwake. Akanizunguka polepole, akasimama kulia kwangu, akainua ngao.

"Tulia," akasema. "Leo zamu yangu."