Vipande vya Mpira Uani kwa Nenu

Kwa miaka ishirini na sita Nenu Zerafa alichanganya plastiki katika kiwanda chetu cha mipira ya kumwagilia bustani, huku Sunshine, magharibi ya Melbourne. Unga wa plastiki peke yake hutoa kitu kikavu kinachovunjika kama biskuti. Nenu aliutia mafuta ya kuulainisha, kisha mafuta ya soya yaliyopikwa na dawa, yanayoukinga usiharibiwe na jua. Kila mwaka alikata kipande cha mpira, akakiandika tarehe na kukitundika kwenye uzio wa nyumba yake, aone jua litakifanya nini.

"Mzee, hapa umeanika nguo au nyoka?" nilimtania siku moja nilipokwenda kula kwake.

"Wewe kula. Hao nyoka ndio wanaokulisha."

Mafuta yale ya soya yana tabia moja: baridi ikizidi, yanakuwa mazito. Kwa hiyo kila jioni ya Julai Nenu alilisogeza pipa lake karibu na mashine yenye joto, akalifunika blanketi. Wiki tatu kabla ya kustaafu, mkewe Guza alianguka bafuni, Nenu akatoka mbio, pipa akaliacha kwenye baridi. Kesho yake alikuja na macho mekundu ya kukesha, akawasha pampu kama kawaida. Ilinguruma vizuri tu, kumbe mafuta yanapita kidogo mno. Alipolitikisa pipa mchana na kulikuta bado limejaa, mipira mia nne ilikuwa tayari. Mimi ndiye niliyeikunja. Ilikuwa laini, ya kijani, inang'aa.

"Jua la Januari litaipasua yote," aliniambia.

"Januari wewe hupo hapa. Nyamaza, mzee. Nani atajua?"

Alinitazama mpaka nikaona haya, lakini maneno yangu sikuyarudisha. Nilimpenda yule mzee, nilitaka aondoke bila doa.

Akaenda kwa Glenys, msimamizi wetu. Nilisikia yote, maana Glenys hajui kunong'ona.

"Mia nne, Nenu! Lori liko mlangoni!"

"Liondoke tupu."

"Unajua nitaandika jina la nani kwenye ripoti?"

"La nani tena? Andika vizuri, lisomeke."

Mipira ikasagwa yote, isipokuwa mmoja nilioutia garini kwangu. Nilitaka kuona kama mzee hakujichafulia jina bure. Siku ya kumuaga tulikunywa chai, tukala keki ya dukani, na hakuna mkubwa aliyesimama kusema neno. Nilikasirika, ila hata mimi sikusimama.

Januari, nikimwagilia nyanya zangu, niliona ule mpira umegeuka rangi ya kahawia. Niliuvuta kidogo tu, ukakatika mkononi. Nikaukusanya, nikampelekea Nenu, nikamweleza nilivyouiba na kwa nini. Nilingoja anitukane.

Hakunitukana. Alichukua mkasi, akakata kipande, akakiandika tarehe. Chini ya tarehe akaandika jina lake lote, jambo ambalo hakulifanya kwenye kipande kingine chochote. Akakitundika mwanzo kabisa wa uzio, karibu na geti.

"Mzee, hapo si kila mtu atakiona?"

"Ndiyo," alisema. "Nishikie huo msumari."